Yai Lililogoma Lina Tarehe Yake

Siku ya 22 mchana, jirani yangu wa Kigamboni, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, alinipigia simu akasema neno moja tu: "Njoo." Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mashine yake ya kutotolesha vifaranga imezimwa mbele yake, pembeni ndoo imejaa mayai. Alikuwa ameweka mayai 64. Vifaranga vilivyotoka ni 29. Kati ya hivyo, viwili vilikuwa vinapiga msamba, kimoja mdomo umepishana kama mkasi uliolegea, na kimoja kitovu chake bado kiko wazi. Mashine ilikwisha kuhukumiwa.

"Hii kesho inarudi dukani."

"Na ndoo hiyo, mzee?"

"Hayo mayai viza, mwanangu. Ya kutupa."

Nilimwomba asiyatupe. Majibu aliyokuwa anayatafuta yalikuwa ndani ya ndoo ile, na mashine, kama ilivyokuja kuonekana, haikuwa na kosa kubwa.

Yai la kuku huhitaji siku 21. Ndani ya siku hizo kuna vipindi viwili vya hatari kuliko vingine. Cha kwanza ni siku nne za mwanzo, moyo na mishipa ya damu inapojengwa. Cha pili ni siku tatu za mwisho, kifaranga kinapoacha kupata hewa kupitia mishipa iliyotandazwa chini ya ganda na kuanza kutumia mapafu. Hapo katikati huwa kumetulia. Hata mitambo mikubwa ya biashara hupoteza mayai katika vipindi hivyo viwili, kwa hiyo machache yakifa mwanzoni na machache mwishoni hakuna wa kulaumiwa. Shida huanza pale kundi moja linapovimba kupita kiasi. Kila chanzo cha hasara kina siku zake za kuua, na ukijua yai lilikufa siku gani, orodha ya washukiwa hupungua kutoka ishirini hadi wawili au watatu.

Asiyejua tarehe hushika kila kitu kwa pamoja. Anapandisha joto, anaongeza maji, anaziba matundu, anabadilisha chakula. Mzunguko unaofuata ukiwa mzuri hajui kilichomsaidia, ukiwa mbaya zaidi hajui kilichomponza.

Hesabu kwanza

Mzee alikuwa anasema mashine imempa asilimia 45, yaani 29 kati ya 64. Hesabu ni sahihi lakini inamsingizia mashine. Yai lisilo na mbegu haliwezi kutotolewa na mashine yoyote wala na mama kuku yeyote. Hesabu inayoihusu mashine ni ya vifaranga ukilinganisha na mayai yenye mbegu peke yake. Ili kuipata, ilibidi tuvunje.

Tulivunja mayai nje, upande ambao upepo unatoka kwetu, tumevaa glavu, na trei ya zamani ya kuyapanga. Yai linalonuka au linalotoa jasho la kahawia usilivunje karibu na uso. Hupasuka kwa kishindo, na harufu yake hukaa kwenye nguo siku nzima. Lifunge kwenye mfuko, lifukie. Vunja upande butu, kwenye chumba cha hewa, kisha bandua ganda taratibu ili uone kifaranga kilivyolala kabla hujakivuruga. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni, maana bakteria wa tumbo hawabagui mfugaji na mgeni.

Tukapata makundi manne. Mayai 13, tulipoyamulika kwa tochi, hayakuonyesha kitu ndani. Matano yalikuwa na pete ya damu. Matatu yalikuwa na viinitete vya katikati, manyoya yameanza kuota. Kumi na manne yalikuwa na vifaranga kamili, vyenye kila kitu isipokuwa uhai.

Yale meupe

Yai linalopitisha mwanga wote kama balbu watu huliita yai lisilo na mbegu na kuishia hapo. Si kweli kila mara. Limwage kwenye sahani nyeupe utazame juu ya kiini. Kama kuna kidoa cheupe kidogo, kilichokaza, kingo zake hazina mpangilio, hakukuwa na mbegu. Kama kidoa kimetanuka na kuwa duara, au kuna utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, mbegu ilikuwepo na ilikufa katika saa za mwanzo, pengine hata kabla ya kuingia kwenye mashine. Katika 13 ya mzee, tisa hayakuwa na mbegu kweli. Manne yalikuwa nayo.

Tisa kati ya 64 ni mengi kidogo, na chanzo hakikuwa mbali. Jogoo mmoja, mitetea 16. Kwa kuku wanaofugwa nyumbani, jogoo mmoja kwa mitetea minane hadi kumi ndiyo kadiri. Zaidi ya hapo jogoo huchagua vipenzi vyake, na wengine hutaga mayai ya kukaanga tu. Jogoo mzee, jogoo mnene mno, jogoo mwenye kidonda mguuni, wote huleta matokeo hayo hayo. Joto kali la Januari na Februari nalo humchosha. Ukitaka kujua hali ya jogoo wako bila kusubiri kuyamulika mayai siku ya saba, vunja mayai mabichi manne matano ya siku hiyo, tazama kidoa, kisha kaanga. Ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote nivijuavyo, na hakuna kinachopotea.

Pete ya damu, na mayai yaliyokaa juu ya kabati

Manne yaliyokufa mapema mno, ukijumlisha na matano yenye pete ya damu, ni mayai tisa yaliyokufa kabla wiki ya kwanza haijaisha. Pete hiyo ni mishipa iliyoanza kusambaa, kisha moyo ukasimama, damu ikarudi pembeni na kujikusanya duara. Vinavyoiua mbegu katika siku hizo si vingi: joto la mashine limekosewa sana, yai limetikiswa vibaya, au yai limekaa muda mrefu mahali pabaya kabla ya kuwekwa.

"Mayai uliyaweka wapi, mzee, kabla hayajatimia 64?"

Akanyoosha kidole jikoni, juu ya kabati. Siku 12.

Hapa ndipo wafugaji wengi wa pwani wanapoumia. Yai lenye mbegu likitoka kwa kuku lina maelfu ya seli tayari. Maisha yalishaanza ndani ya mwili wa mtetea. Likipoa, ukuaji husimama na yai hulala. Lakini ili lilale kabisa linahitaji kuwa chini ya nyuzi 20 hivi. Jikoni Kigamboni mchana ni nyuzi 30 na ushei. Hapo yai halilali wala haliamki. Linakua polepole bila mpangilio, linadhoofika, na ukiliweka kwenye mashine linakufa siku ya pili au ya tatu. Ukipiga tochi siku ya saba unaona pete, unaitazama mashine kwa jicho baya.

Mayai ya kutotolesha yakusanywe mara tatu au nne kwa siku, yawekwe ncha ikiwa chini, chumba chenye ubaridi kuliko vyote, na yasizidi siku saba. Nyuzi 13 hadi 18 ndiyo hali nzuri, ambayo wengi wetu hatuna. Trei juu ya mchanga uliolowanishwa, kwenye kona isiyopigwa jua, inasaidia kuliko juu ya kabati. Friji ya kawaida ya nyuzi nne ni baridi mno, na yai likitoka humo hutoka jasho, jasho ambalo huingiza bakteria kupitia vitundu vya ganda. Kwa sababu hiyo hiyo usioshe mayai kwa maji baridi: yai lenye joto likiguswa na maji ya baridi hunyonya uchafu ndani. Yenye kinyesi yabaki ya kula.

Mayai yaliyosafiri kwa bodaboda yana kesi yake. Mtikisiko huweza kukiachanisha chumba cha hewa, ukapiga tochi ukakiona kinaelea kama povu. Yapumzishe siku nzima, ncha chini, kabla ya kuyaweka.

Je, joto la mashine lilikuwa sawa?

Mzee aliliuliza hili kabla sijalifikia. Mashine yenye feni hutakiwa kukaa nyuzi 37.5 au zaidi kidogo. Isiyo na feni ni jambo jingine: hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo joto hupimwa usawa wa migongo ya mayai na hutakiwa kuwa nyuzi 38.5 hadi 39 hapo. Wanaotengeneza mashine kwa friji bovu au sanduku la mbao na balbu hukosea hapa zaidi kuliko mahali pengine popote. Wananing'iniza kihisio karibu na balbu, kioo kinasoma 37.5, na mayai ya pembeni yako nyuzi 36.

Watotoleshaji wa Misri, waliotumia matanuri ya udongo kwa karne nyingi kabla ya kipimajoto, walikuwa wakiligusisha yai kwenye kope la jicho. Sisi tuna kitu bora zaidi kwenye kabati la dawa: kipimajoto cha homa. Kimetengenezwa kupima kwa usahihi mkubwa pale pale tunapopahitaji, nyuzi 35 hadi 42. Chukua bakuli la maji ya vuguvugu, koroga, tumbukiza kipimajoto cha homa pamoja na kihisio cha mashine kikiwa kimefungwa kwenye mfuko mwepesi wa nailoni, subiri, linganisha. Cha mzee kilipishana kwa sehemu mbili za kumi ya nyuzi. Hakuna kitu.

Lakini kuna shahidi mwingine asiyehitaji kifaa, nacho ni saa ya kuanguliwa. Vifaranga vikianza kutoka siku ya 19, vidogo, vyekundu kitovuni, joto lilizidi. Vikichelewa hadi siku ya 22 au 23, vizito, vimevimba tumbo na vinalala tu, joto lilipungua. Nusu nyuzi tu kwa siku zote 21 inatosha kusogeza tarehe karibu siku nzima. Vya mzee vilianza usiku wa kuamkia siku ya 21, vingi vikatoka siku hiyo. Mashine ikaachiwa huru kwa shtaka hili.

Umeme ukikatika, jambo linalotukuta wote, usikimbilie kukata tamaa. Yai huvumilia ubaridi wa saa chache kuliko linavyovumilia moto. Mama kuku mwenyewe hutoka kwenye kiota kula na kunywa, na mayai hupoa. Funga mashine, ifunike blanketi, acha matundu ya hewa wazi. Nyuzi 40 na zaidi kwa saa chache ndizo za kuogopa. Mtu anayeweka jiko la mkaa chumbani ili "kusaidia" huua mayai kwa moshi na moto kwa pamoja.

Katikati kumetulia, ila

Matatu yaliyokufa kati ya siku ya saba na ya 17 hayakunisumbua. Moja lilikuwa limeoza, na mzee alikumbuka kuwa aliliosha. Kama yangekuwa kumi ningeacha kuongea kuhusu mashine kabisa na kuuliza kuku wanakula nini.

Mashine haiongezi kitu ndani ya yai. Kifaranga kinajengwa kwa akiba iliyowekwa na mtetea. Chakula cha kuku wa mayai kinatosha kutoa yai la kula, lakini vitamini zake huenda zisitoshe kujenga kiumbe. Ikipungua vitamini B2, viinitete hufa katikati, na vinavyofika mwisho huwa na manyoya yaliyojiviringa kama vifundo kwa sababu hayakuweza kuchomoza kwenye ngozi. Yakipungua madini ya manganizi au vitamini iitwayo biotini, miguu huwa mifupi na mdomo wa juu hupinda kama wa kasuku. Kuku wanaozurura na kula majani mabichi na wadudu hawana shida hii mara nyingi. Wanaofungiwa na kulishwa pumba za mahindi tu ndio walio hatarini. Mchicha, majani ya lusina, dagaa kidogo, na vitamini za kuchanganya kwenye maji husaidia. Ila kiini cha yai huchukua siku kumi hivi kujengwa, kwa hiyo ukibadilisha chakula leo, usianze kukusanya mayai kesho. Subiri wiki mbili.

Kumi na manne yaliyofia mlangoni

Haya ndiyo yanayouma. Siku 21 umesubiri, kifaranga kimekamilika, kina manyoya na kucha, kimekufa kikiwa kimebakiza utando tu.

Tisa kati ya 14 yalikuwa na kisa kimoja. Ukibandua ganda, maji yanachuruzika. Chumba cha hewa kidogo, kama cha yai la wiki ya kwanza. Kifaranga kimevimba shingo, kimelowa, kimejaa hadi hakina pa kugeukia. Vifaranga hivi vilizama.

Yai limeumbwa lipoteze maji. Kuanzia linapowekwa hadi siku ya 18 linapaswa kupungua uzito kwa asilimia 11 hadi 14, na nafasi ya maji yaliyotoka hujazwa na hewa upande butu. Siku ya 19 au 20 kifaranga hutoboa utando wa ndani, huingiza mdomo kwenye chumba hicho na kuvuta pumzi ya kwanza ya maisha yake hapo, kabla hakijagusa ganda. Chumba kikiwa kidogo, pumzi haitoshi. Maji yakiwa mengi, pumzi ya kwanza ni maji.

Maelekezo ya mashine yalisema ajaze mifereji yote miwili ya maji, naye akajaza, mwaminifu kama alivyokuwa akijaza fomu za forodha. Maelekezo hayo hayakuandikiwa Kigamboni. Tuliangalie hili kwa makini, maana ndilo linalowachanganya wengi. Kiasi cha unyevu tunachosoma kwenye kipimo hutegemea joto: hewa ikipashwa moto, maji yaliyomo ni yale yale lakini uwezo wake wa kubeba maji huongezeka, kwa hiyo asilimia hushuka. Chukua hewa ya Dar es Salaam, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, uiingize kwenye mashine ya nyuzi 37.5. Bila tone la maji, inasoma karibu asilimia 50, ambayo ndiyo hasa inayotakiwa kwa siku 18 za mwanzo. Chukua hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi, nyuzi 30 zile zile lakini unyevu asilimia 35: ndani ya mashine inakuwa kama 23, na mayai yanakauka. Sasa nenda Njombe asubuhi ya ukungu, nyuzi 15, hewa imeshiba maji hadi huoni ng'ambo ya barabara. Ukiipasha moto hadi 37.5 inabaki na asilimia 26 tu. Mtu wa Njombe anayesema "huku kwetu kuna unyevu, sihitaji maji" anakosea, na mtu wa Kigamboni anayejaza mifereji anakosea, na wote wawili wana mashine moja, karatasi moja ya maelekezo. (Njombe iko juu karibu mita 2,000, ambako yai hupoteza maji upesi zaidi na oksijeni ni pungufu, huko matundu ya hewa yafunguliwe zaidi, na maji yaongezwe zaidi.)

Ndiyo maana mimi siamini sana kipimo cha unyevu. Vingi vya bei rahisi hukosea kwa asilimia kumi. Unaweza kukijaribu: weka chumvi iliyoloweshwa kidogo kwenye kifuniko, ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa usiku kucha, asubuhi kinapaswa kusoma 75. Lakini mizani ya jikoni husema ukweli zaidi. Pima mayai kumi pamoja siku unayoyaweka. Tuseme ya kienyeji, gramu 420. Asilimia 12 ni gramu 50, kwa hiyo siku ya 18 unataka mizani isome 370 hivi, na siku ya saba isome 400. Ikisoma 408 siku ya saba, maji ni mengi, kausha mfereji. Ikisoma 390, ongeza. Mayai yenyewe yanakuambia, huna haja ya kubahatisha.

Matatu mengine yalikuwa kinyume kabisa. Yalitoboa ganda, kisha utando ukakauka na kukibana kifaranga kama karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Katika mashine ile ile iliyozamisha tisa? Ndiyo. Siku tatu za mwisho mayai huhitaji unyevu wa asilimia 65 hadi 75 ili utando ubaki laini. Mzee, kwa furaha, alikuwa akifungua kifuniko kila kifaranga kinapotoka akitoe, na wajukuu watazame. Kila akifungua, unyevu unaanguka, feni inapuliza, na walio nusu njia wanakaushwa. Kifaranga kilichotoka kina akiba ya kiini tumboni. Kinaweza kukaa bila chakula wala maji siku moja na zaidi. Kiache humo.

Kosa la upande wa pili wa jambo hili ni kuziba matundu ya hewa ili unyevu usitoke. Siku hizo ndizo mayai yanahitaji oksijeni kuliko siku zote. Ongeza eneo la maji, sifongo au kitambaa kilicholowa, na matundu yabaki wazi.

Mawili ya mwisho yalikuwa na vichwa kwenye ncha nyembamba. Kifaranga kilichokaa vizuri huwa na kichwa upande butu, kimefichwa chini ya bawa la kulia, mdomo ukielekea chumba cha hewa. Kikigeukia ncha hakina hewa ya kuanzia. Mara nyingi ni kwa sababu yai liliwekwa ncha juu, na katika mayai ya mviringo ya kienyeji si rahisi kujua ncha ni ipi. Tochi huonyesha chumba cha hewa kilipo.

Kundi moja hatukulikuta kwenye ndoo, nalitaja kwa kuwa ni la kawaida: kifaranga kidogo, kimegandwa na ute mzito kama gundi, na ute mwingine umebaki kwenye ncha. Huo ni mkono wa mayai yasiyogeuzwa. Mishipa chini ya ganda inapaswa kulizunguka yai zima na kukutana kwenye ncha kufikia siku ya 11 au 12. Yai lisipogeuzwa wiki za mwanzo haifiki, na ute ambao kifaranga kilipaswa kuumeza unabaki. Mashine inayojigeuza yenyewe huweza kukwama bila kelele. Andika X upande mmoja wa yai kwa penseli, na O upande wa pili, uone kama zinabadilishana. Ukigeuza kwa mkono, geuza mara tatu au tano, isiwe shufwa, ili upande wa usiku usiwe ule ule kila siku. Siku ya 18, acha.

Je, ukisaidie kifaranga kilichokwama? Mimi husubiri saa 24 tangu kitoboe ganda. Ukiharakisha unakata mishipa ambayo bado ina damu, na kiini hakijaingia tumboni. Ukiona damu hata tone, rudisha yai, acha. Vingi nilivyovitoa kwa mkono havikufika wiki, nami siku hizi mkono naurudisha mfukoni.

Vilema: kila kimoja na mzazi wake

Kifaranga kinachopiga msamba hakijazaliwa mlemavu mara nyingi. Kimetoka kikakanyaga plastiki laini au gazeti linaloteleza, miguu ikaachana, na misuli ya siku ya kwanza ikazoea hivyo. Tulikata plasta, tukafunga miguu ya vile viwili kwa umbali wa upana wa mwili wake, tukaviweka juu ya kitambaa kizito. Siku ya tatu vilikuwa vinakimbia. Ukisubiri wiki, huna lako. Usichanganye na ile hali ambapo goti la nyuma limevimba na kano ya mguu imeteleza pembeni. Hiyo ni ya lishe, manganizi na kolini, na plasta haitaisaidia sana.

Vidole vilivyokunjamana kama ngumi huweza kunyooshwa kwa kipande cha boksi na plasta siku ya kwanza. Kikiwa kimoja, pengine ni joto la mashine. Vikiwa vingi, rudi kwenye B2 na chakula cha mama.

Kitovu kilicho wazi ni cha joto lililozidi au unyevu uliokosewa, na ndicho mlango wa bakteria. Cha mzee tulikipaka aidini, tukakitenga kwenye kitambaa safi. Kilikufa siku ya nne, tumbo limelegea na harufu imeanza. Utumbo ukiwa nje kabisa, au macho hayapo, au ubongo umefunikwa na ngozi tu, hakuna tiba. Hivyo vya kichwa hutokana mara nyingi na joto kali la siku za mwanzo, na jambo la huruma ni kukimaliza haraka. Wengine watasema ni mkono wa mtu. Nimewahi kuambiwa hivyo kuhusu kifaranga cha miguu minne, nami nilikosa la kujibu kwa kuwa kilikuwa kinatutazama.

Mdomo uliopishana ndio mgumu. Unaweza kutokana na joto, na kifaranga kilivyolala ndani ya yai, au na damu ya wazazi, hasa pale jogoo ni kaka wa mitetea yake. Kifaranga kimoja hakikuambii ni kipi. Mzee alimshuku mtetea wake mweupe, lakini mayai hayakuwa na alama, tukaacha hivyo.

Mzunguko wa pili aliweka tena mayai 64, kila yai limeandikwa herufi ya aliyelitaga. Alibadilisha mambo matatu kwa mpigo: jogoo wa pili kutoka Kisarawe, mayai yasiyozidi siku saba, na mifereji mikavu hadi siku ya 18. Ningemkataza mtu mwingine, lakini kila badiliko lilikuwa na kundi lake: jogoo anahusika na mayai meupe, siku saba zinahusika na pete ya damu, mifereji na waliofia mlangoni. Ndoo ya mara hii ingetuambia lipi limefanya kazi na lipi halijafanya. Tukahesabu: meupe matano, mapema manne, katikati moja, mwishoni matano. Vifaranga 49.

Kimoja kati ya 49 mdomo ulipishana. Ganda lake lilikuwa na herufi M, ya mtetea mweupe. Mzee hajamchinja, kwa kuwa hutaga karibu kila siku. Mayai yake yanaishia kikaangoni.